Ardhi Inayopumua Nyuma ya Nyumba

Zuhura Ntinyari aliamka kabla ya jua. Aliswali, akafungua banda, akawatoa kuku wake. Kisha aliingia jikoni kubandika chai. Mumewe, Saidi Mbaka, alikuwa nje akifuta kioo cha tuktuk yake ya mizigo. Binti yao, Kinya, alikuwa chumbani akitafuta soksi ya pili. Asubuhi zao nyingi zilikuwa hivyo.

Waliishi mtaa wa Machimboni, pembeni mwa mji wa Meru. Zamani watu walichimba mawe ya kujengea mahali hapo. Mawe yalipokwisha, kulibaki shimo kubwa, na watu wakaanza kutupa taka ndani yake. Walitupa maganda ya ndizi na viazi. Walitupa majani ya migomba yaliyofungiwa miraa, nepi, chupa, nguo kuukuu na matumbo ya kuku. Nusu ya shimo ilipojaa, mwenye shamba alimwaga udongo mwekundu juu, akasawazisha, akagawa ploti, akauza.

Mbaka alinunua ploti moja. Aliona udongo mzuri na mahali tambarare. Hakuuliza kilichokuwa chini.

Alijenga nyumba ya mawe mbele, penye mwamba mgumu. Nyuma, juu ya udongo ule mwekundu, alijenga jiko la mabati na kumwaga sakafu nyembamba ya saruji. Nyuma ya jiko ardhi ilikuwa imetitia. Palikuwa na kibonde kidogo. Mtu mzima akisimama ndani yake, ungeona kichwa tu. Mbele zaidi, nusu ya pili ya shimo ilikuwa bado wazi. Huko ndiko Mbaka alikomwaga taka alizozoa kwenye hoteli na maduka ya mjini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Mimi ninasafisha mji," alipenda kusema.

Zuhura naye alitupa taka zake huko, pamoja na Eunice, jirani yao. Kila mtu wa Machimboni alifanya hivyo.

Asubuhi moja, wakati wa mvua za masika, Kinya aliingia jikoni akasimama ghafla.

"Mama," alisema polepole, "sakafu inaongea."

"Sakafu haiongei. Njoo unywe chai."

"Sikiliza, Mama."

Zuhura aliacha kukoroga chai. Akasikia. Katikati ya sakafu palikuwa na ufa mwembamba. Kutoka kwenye ufa huo ilikuja sauti ndogo. *Sssss.* Ilikuwa kama sauti ya mtu anayemwambia mwenzake anyamaze. Zuhura alikanyaga ufa kwa kandambili yake. Sauti ikakatika. Alipoinua mguu, ikarudi.

Muda mfupi baadaye mvua ilinyesha. Ilipokwisha, sauti nayo ilikuwa imekwisha.

Tangu siku hiyo Zuhura alianza kusikiliza. Akagundua jambo lililomsumbua. Sauti ilikuja kabla ya mvua. Anga likiwa jeupe, sakafu ilikaa kimya. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya mlima, sakafu ilianza kunong'ona. Ilikuwa kama kitu kilicho chini kiliiona mvua kabla ya Zuhura.

Mambo mengine aliyaona nje. Nyuma ya jiko, majani yalikauka ilhali mvua ilikuwa nyingi. Yalikauka kwa mduara, kama mahali palipokalishwa sufuria kubwa ya moto. Mvua ikiacha madimbwi kibondeni, madimbwi yalichemka. Mapovu yalipanda na kupasuka, yakapanda tena. Zuhura aliingiza kidole kwenye dimbwi moja. Maji yalikuwa baridi. Palikuwa na harufu ya mayai viza.

Mbuzi wa Eunice alikataa kupita hapo. Eunice alimvuta kwa kamba, mbuzi akapiga magoti.

"Huyu mbuzi ameona kitu," Eunice alisema.

"Ameona nini?" Zuhura aliuliza.

"Ningejua ningekuambia, Mama Kinya. Lakini mimi pia sitapita tena."

Karibu nao aliishi Mzee Gatakaa. Ujanani alikuwa mchimba mawe katika shimo hilohilo. Siku moja Zuhura alimkuta ameegemea fimbo, akitazama kibonde.

"Muga, mama," mzee alimsalimu kwa Kimeru.

"Muga, mzee. Unatazama nini?"

"Natazama mwenzangu." Mzee hakugeuza uso. "Tulikuwa tunapasua mawe hapa. Ukuta ukaanguka. Mmoja wetu akabaki chini. Tulitoa mawe siku nyingi, hatukumpata. Hii shimo iko na mtu, mama. Na sasa anapumua."

Zuhura alirudi ndani haraka. Jioni alimweleza mumewe. Mbaka alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

"Mzee amezeeka," alisema. "Mashimo hayapumui."

Siku chache baadaye alinyamazishwa na alichokiona kwa macho yake. Ilikuwa kabla ya magharibi, na mawingu yalikuwa mazito. Mbaka mwenyewe aliingia jikoni kuwasha jiko. Aliwasha kiberiti. Upepo wa mlangoni ulipuliza moto karibu na vidole vyake, akakitupa chini.

Sakafu ilishika moto.

Moto wa buluu ulikimbia juu ya ufa kutoka mlangoni hadi ukutani. Ukasimama hapo, mfupi, ukitetemeka. Hakukuwa na kuni wala mafuta ya taa. Saruji tupu ilikuwa inawaka. Mbaka alirudi nyuma, akagonga bati kwa mgongo.

"Toka nje!" Zuhura alimwita. "Saidi, toka!"

Mbaka alichukua sepetu na kumwaga udongo juu ya ufa. Moto ulizimika upande huu, ukaendelea kuwaka upande ule. Aliongeza udongo hadi moto wote ukafa. Wakasimama uani. Kutoka ndani, chini ya udongo, ilisikika ile sauti. *Sssss.*

"Hiki si kitu cha kawaida," Mbaka alisema. "Hilo ni jini. Naenda kumwita Sheikh."

Sheikh Kobia alikuwa imamu wa msikiti mdogo wa mtaa. Alizaliwa papo hapo Meru, na kila mtu alimheshimu, Waislamu na Wakristo. Alikuja baada ya swala akiwa na mwavuli. Alisoma dua kwa sauti ya chini. Mbaka na Zuhura waliitikia amina. Halafu Sheikh alifanya jambo ambalo hawakulitegemea. Alipiga magoti, akainamisha uso, akanusa ufa.

"Mbaka," alisema, "chini ya jiko hili kuna nini?"

"Udongo, Sheikh."

"Na chini ya udongo?"

Mbaka alikohoa. "Taka. Taka za zamani."

"Tumeomba, na dua ni jambo jema. Lakini mtu aliyelala juu ya siafu haombi tu. Anaamka na kuhama. Kesho nitakuja na mtu wa afya. Usiku wa leo msiwashe kitu chochote humu. Acheni mlango wazi."

Kesho yake Sheikh alikuja na mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Aliitwa Rwamba, afisa wa afya ya umma. Kwao kulikuwa Manyatta, karibu na mji wa Embu, lakini alifanya kazi Meru. Watu wa mtaa walimwita daktari. Alizunguka jiko. Aliangalia majani makavu na madimbwi. Kisha aliomba maji ya sabuni.

"Ya nini, daktari?" Zuhura aliuliza.

"Nataka huyo jini wenu ajionyeshe."

Rwamba alimwaga maji ya sabuni juu ya ufa. Wote wakainama kutazama. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu povu moja likavimba, kubwa kama jicho la ng'ombe. Jingine likavimba kando yake. Muda si mrefu ufa wote ulikuwa na macho, yakivimba na kupasuka. Zuhura alimshika Kinya begani.

"Hii ni gesi," Rwamba alisema. "Mnajua chakula kikioza ndani ya mkebe uliofungwa, mkebe huvimba?"

"Ndiyo," Kinya alijibu. "Unavimba kama tumbo."

"Basi. Maganda, majani ya migomba, matumbo ya kuku, vyote hivyo viko chini yenu. Vimefunikwa, havipati hewa. Vinaoza polepole, na vikioza vinatoa gesi. Gesi inatafuta njia. Imepata ufa wa jiko lenu."

"Na kwa nini inalia kabla ya mvua?" Zuhura aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkosesha usingizi.

"Kwa sababu hewa ya nje ina uzito. Siku ya jua inakandamiza ardhi kama mkono. Mvua inapokaribia, mkono unalegea kidogo. Gesi iliyo chini inapata nafasi, inatoka kwa nguvu. Hiyo ndiyo sauti unayosikia."

Zuhura alivuta pumzi. Hofu yake ilipungua. Lakini Rwamba hakutabasamu.

"Ningependa ingekuwa jini," alisema. "Gesi hii ni ya aina mbili. Ya kwanza inawaka. Ikijaa ndani ya nyumba iliyofungwa, kiberiti kimoja kinaweza kurusha mabati hadi barabarani. Ya pili haiwaki. Hiyo ni nzito kuliko hewa. Inateremka na kukaa mahali pa chini, kama maji ambayo huyaoni. Ukiinama ndani yake, unavuta pumzi lakini hupati hewa. Unalala. Hutajua hata kwamba umelala."

Wote waligeuka kutazama kibonde.

"Asubuhi yenye baridi na isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi," Rwamba aliendelea. "Mtoto asishuke pale. Na mtu akianguka pale, msimfuate. Wengi hufa wakimfuata aliyeanguka. Mvuteni mkiwa juu."

Aliwaambia wahamishe jiko siku hiyohiyo. Alisema atawaita wataalamu wa kaunti waje kupima ardhi na kuweka mabomba ya kutoa gesi. Mwisho akamgeukia Mbaka.

"Na taka zisiendelee kumwagwa hapa. Kila mzigo unaomwaga leo ni gesi ya miaka ijayo."

Mbaka alikunja uso. "Nikiacha kumwaga hapa, nitamwaga wapi? Jaa la kaunti liko mbali. Mafuta yatanimaliza. Daktari, mimi nina familia. Halafu mimi ninasafisha mji!"

Sheikh Kobia alimsogelea. 

"Mbaka, ndugu yangu. Unatoa uchafu kwenye mlango wa hoteli, unauleta kwenye mlango wa mtoto wako. Huko si kusafisha, huko ni kuhamisha."

"Sheikh, hata msikiti unatupa hapa. Futari yote ya Ramadhani, sahani za plastiki na mabaki, nani alileta? Ni mimi, na ni wewe uliyeniita."

"Ni kweli," Sheikh alisema. "Tumekosea pamoja. Dini yetu inasema dunia hii si yetu. Tumekabidhiwa, ni amana. Mwanadamu ni msimamizi tu, na msimamizi ataulizwa. Tunafundishwa tusidhuru mtu. Tunafundishwa kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni sadaka. Je, anayeweka kinachodhuru chini ya miguu ya watu anaitwaje?"

Mbaka aligeuka. Alipanda tuktuk yake, akaondoka kwa kelele nyingi.

Zuhura alihamisha jiko siku hiyo. Alianza kupika barazani mbele ya nyumba. Wataalamu wa kaunti walikuwa bado hawajafika. Lakini Mbaka aliendelea kumwaga taka upande wa pili wa shimo. Alimwaga alfajiri, watu wakiwa bado ndani. Zuhura aliisikia tuktuk, akanyamaza. Alijua chakula chao kilitoka hapo.

Mvua ziliisha. Baridi ya mwezi wa saba ikaingia. Asubuhi mlima ulifichwa na ukungu mpana. Lakini nyuma ya jiko tupu kulikuwa na ukungu mwingine. Huo ulitoka ardhini. Ulipanda taratibu kutoka kibondeni, mweupe, hata siku ambazo kwingine kote hakukuwa na ukungu.

Asubuhi moja Zuhura aliwahesabu kuku wake, akakosa wawili. Aliwatafuta, akawaona kibondeni. Walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu. Hawakuwa na jeraha, damu wala manyoya yaliyotawanyika. Macho yao yalikuwa yamefumbwa vizuri. Ungedhani wamepumzika.

Zuhura hakushuka. Aliziba njia kwa matawi ya miiba na kumwita Kinya.

"Unawaona wale? Ndicho alichosema daktari. Usishuke pale kwa sababu yoyote. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kinya alikuwa mtoto msikivu. Lakini alikuwa na kuku wake mmoja mwenye madoadoa, aliyekuwa na vifaranga. Asubuhi iliyofuata, akiwa tayari kwenda shule, aliwasikia vifaranga wakilia. Kuku alikuwa amepita chini ya miiba. Alikuwa kibondeni, amelala kifudifudi, na vifaranga watatu walisimama ukingoni wakimwita.

Zuhura alikuwa barazani akimimina uji. Aliita, "Kinya! Njoo unywe uji!" Hakupata jibu. Aliita tena. Kulikuwa kimya. Hata majani ya migomba hayakutikisika.

Alizunguka nyumba. Kwanza aliona ukungu. Halafu, ndani ya ukungu, aliona mfuko mwekundu wa shule. Kinya alikuwa ameketi kibondeni, kuku mapajani. Kichwa chake kilikuwa kinaanguka mbele polepole, kama mtoto anayesinzia darasani.

"Kinya!"

Mtoto aliinua uso kidogo. Alitazama kama asiyemjua mama yake. Kisha akalala ubavu.

Mbaka alikuwa ndiyo kwanza amefika na tuktuk iliyojaa taka. Alisikia kelele, akaja mbio. Aliruka miiba. Zuhura alimshika koti kwa mikono miwili.

"Usishuke!"

"Niachie! Ni mtoto wangu!"

"Ukishuka mtakuwa wawili! Daktari alisema tumvute kutoka juu. Eunice! Eunice! Leta mti wa kuangulia parachichi! Haraka!"

Eunice alitoka na mti mrefu wenye ndoana ya chuma. Mbaka aliupokea.  Alilala kifudifudi nje ya kibonde, kichwa kikiwa juu ya ukingo, akanyoosha mti. Ndoana ilipita juu ya mfuko. Akajaribu tena. Ikakwama kwenye mkanda. Mikanda ya mfuko ilikuwa imefungwa pamoja kifuani kwa kitambaa, kwa sababu mfuko ulikuwa mkubwa kwa Kinya. Kitambaa hicho kilishikilia.

"Vuteni," Mbaka alisema. "Polepole. Usikatike, ewe mkanda, usikatike."

Walivuta wote watatu. Mwili mdogo uliteleza juu ya udongo kama gunia. Mguu mmoja ulibaki bila kiatu. Walipomfikisha juu, walimbeba hadi barabarani, penye hewa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Zuhura alimlaza, akamfungua sweta, akamwita jina lake mara nyingi.

Kinya alikohoa. Akavuta pumzi ndefu. Akaanza kulia.

"Alhamdulillahi," Zuhura alisema.

"Hospitali," Eunice alisema. "Sasa hivi!"

Tuktuk ilikuwa imejaa taka hadi juu. Mbaka hakufikiri. Aliinua sehemu ya mizigo ya tuktuk, akamwaga mzigo wote papo hapo, mbele ya mlango wa nyumba yake. Walimlaza Kinya juu ya blanketi, wakaenda.

Hospitalini Kinya alipewa hewa safi kwa mashine. Daktari wa zamu alisema wamemwahi. Alilazwa kwa uangalizi, na mama yake akabaki naye. Siku iliyofuata waliruhusiwa. Mbaka aliwaleta nyumbani. Walipofika hawakuweza kuingia. Ule mzigo wa taka ulikuwa bado mlangoni. Ulikuwa umeanza kunuka, na nzi walikuwa wameufunika.

Kinya alisimama akishika mkono wa mama yake. "Baba, hizi ni zetu?"

Mbaka alitazama rundo. Alikuwa amemwaga mizigo mingi kama huo kiasi cha kutojua idadi yake. Hakuwahi kusimama na kuutazama hata mmoja.

"Si zetu," alisema. Halafu akatikisa kichwa. "Ni zetu."

Alivua koti. Alianza kuchambua kwa mikono, na Zuhura akaleta glavu na magunia. Maganda ya viazi, ndizi na mabaki ya ugali walitia upande mmoja. Chupa za plastiki na mikebe walitia upande mwingine. Katoni walizikunja. Mzee Gatakaa alikuja na fimbo yake, akatazama, kisha akaketi kwenye jiwe na kuanza kufunga katoni kwa kamba za migomba. Kazi ilipokwisha, Mbaka alishangaa. Kilichobaki, nepi na vitu visivyofaa, kilijaa gunia moja tu.

"Hiki tu?" aliuliza.

"Hiki tu ndicho cha kupeleka kwenye jaa," Zuhura alisema. "Vingine vyote vina kazi."

Ijumaa hiyo Sheikh Kobia alihubiri kuhusu amana ya ardhi. Hakumtaja mtu. Alisema msikiti umekuwa ukitupa vibaya, na kwamba mwalimu wa dini anaanza na ua wake mwenyewe. Alisema pia juu ya israfu. Waumini wamekatazwa kupoteza maji hata wakitawadha kando ya mto, basi itakuwaje kupika sufuria nzima ya pilau ili nusu imwagwe?

Jumapili, Eunice alizungumza kanisani kwao. Alisema alichokiona kwa macho yake. Watu hawakuhitaji maneno mengi.

Wataalamu wa kaunti walikuja. Walibomoa jiko la Mbaka na kuzungushia kibonde uzio wa waya. Walisimika mabomba marefu ya kutoa gesi juu, mbali na pua za watu. Walipima nyumba ya mbele, wakaona iko juu ya mwamba, ni salama. Familia mbili zilizojenga juu ya taka zilisaidiwa na majirani kuhama.

Mbaka alipita hoteli moja baada ya nyingine. Alieleza kwamba hatachukua tena taka zilizochanganywa. Wengine walikasirika na kutafuta mtu mwingine. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu nyumbani. Lakini wengi walikubali kutenga maganda na plastiki. Maganda yalipelekwa nyuma ya msikiti. Hapo vijana na akina mama walitengeneza mboji. Walipanga maganda, majani makavu na samadi, wakageuza kila mara ili hewa iingie. Rwamba aliwafundisha.

"Inayopata hewa inakuwa mbolea," alisema. "Inayonyimwa hewa inakuwa ile mliyoiona."

Plastiki na mikebe vilichukuliwa na wanunuzi. Gunia la mwisho lilikwenda kwenye jaa la kaunti. Kwa mzigo mdogo namna hiyo, mafuta hayakummaliza Mbaka tena. Wakulima walianza kumfuata kutafuta mboji. Sukuma wiki iliyopandwa msikitini ilikua ndefu, na majirani wote walichuma. Nzi walipungua Machimboni. Watoto waliokuwa wakiharisha kila msimu wa mvua wakapungua pia.

Mwaka mmoja baadaye, Rwamba alikwenda nyumbani Manyatta kwa mapumziko. Alimwomba Zuhura waende pamoja.

"Kuna kikundi cha akina mama kule," alisema. "Nimewaeleza, lakini wananiona ni mtu wa ofisi. Nataka wakusikie wewe."

Zuhura hakuwa mzoefu wa kusema mbele ya watu. Lakini alikwenda. Akina mama walimpokea vizuri, wakampa chai na viazi vitamu. Baadaye walimpeleka nje ya kituo cha biashara, mahali palipochimbwa murram, udongo wa kutengenezea barabara. Lilikuwa shimo kubwa, safi bado. Chini kabisa palikuwa na rundo dogo la taka, la ukubwa wa kitanda.

"Sisi tumepata bahati," mama mmoja alisema. Aliitwa Ruguru, na mkononi alikuwa na ndoo ya taka. "Hili shimo halitajaa hata wajukuu wetu wazeeke."

Wenzake walicheka. Zuhura alitazama chini. Upepo ulikuwa unavuma, na majani yaliyozunguka shimo yalikuwa ya kijani kibichi. Hakukuwa na kitu chochote cha kuogopesha.

"Letu nalo lilikuwa hivi," alisema. "Likajaa. Likafunikwa udongo mzuri, mwekundu kama huu. Mtu akija angesema ni shamba. Tukajenga. Mtoto wangu alishuka kumchukua kuku wake, akalala. Nilimwona analala, nami sikuweza kumshika mkono, kwa sababu hewa yote mle ndani ilikuwa imekufa." Akawageukia. "Naomba mniambie kitu kimoja. Shimo hili likijaa, nani atajenga hapa?"

 Ruguru aliangalia upande wa pili wa shimo. Huko kulikuwa na vigingi vipya vya mbao vilivyopigwa ardhini, na kamba ya buluu iliyofungwa kuvizunguka.

"Pale," alisema kwa sauti ndogo, "ni ploti ya kijana wangu. Amenunua juzi."

Alisimama hapo muda mrefu akiwa ameshika ndoo yake. Halafu aligeuka, akaanza kupanda njia kurudi nyumbani, na ndoo ikiwa bado imejaa.